Chenso ya baba mdogo: kabla hujagusa skrubu

Pistoni ya zamani ya chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ya baba mdogo naitunza kwenye rafu, juu ya meza yangu ya kazi. Upande wa kuingizia hewa bado laini, unang'aa. Upande wa pili, ule unaotazamana na ekzosi, umechanika mistari mirefu ya kushuka chini, na ringi ya juu imegandia kwenye mfereji wake. Kila anayeniletea chenso akisema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imekufa, namshikisha hiyo pistoni kwanza, ndipo tunaanza kuzungumza.

Msumeno wenyewe ni wa cc 67, umri wake unazidi miaka 30, mzito, rangi imefutika pale mkono unaposhika. Baba mdogo aliununua mtumba, akapasulia mbao kwenye vitalu vya watu pembezoni mwa Sao Hill huku Mufindi, shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote Tanzania, mpaka mgongo ukamkatalia. Ukalala stoo misimu miwili na petroli ndani ya tanki. Siku aliyonikabidhi alisema, "Huyu ukimlisha vizuri hakuangushi, mwanangu." Nilidhani ni maneno ya kuagana tu.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi ile ya huku inayoganda kwenye majani. Nikamwaga petroli ya zamani, nikatia mpya, nikavuta kamba. Ikaamka, ikatoa moshi mzito, nikaiacha sailensi, yaani ingurume yenyewe bila resi, ikazima. Nikafungua plagi: imelowa chapachapa. Nikaikausha, nikawasha tena, safari hii nikapiga resi na kuizamisha kwenye gogo. Ikakata sekunde chache kwa nguvu, halafu ikaanza kulegea kama mtu mwenye kiu, nikiachia inapata pumzi, nikizamisha inalegea. Sailensi mafuta yanazidi, kwenye kazi mafuta hayatoshi. Sikujua wakati ule, lakini hizo ni dalili mbili zinazopingana, na dalili zikipingana maana yake una kasoro mbili.

Nikaipeleka karakana mjini. Fundi hakufungua kitu. Alichukua bisibisi nyembamba, akaziminya skrubu mbili za kabureta kwenda ndani, hii kidogo, ile kidogo, mpaka moshi ukakata na mashine ikalia kwa sauti kali, safi. Nililipa nikaondoka nimefurahi. Siku ya pili, katikati ya mlingoti, mkaratusi mnene kuliko kifua cha mtu, ikapandisha mlio yenyewe bila mimi kuongeza kitu, ikanyamaza. Kamba ikawa haivutiki.

Naomba usome hapa polepole, maana hapa ndipo misumeno mingi ya wazee wetu inapozikwa. Injini ya tu-taimu, ya mapigo mawili kama ya chenso, haina oili yake pembeni. Oili inaingia ndani ya petroli, na petroli hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuipoza. Ukibana skrubu, umepunguza petroli, na kwa mkono huohuo umepunguza ulainishaji na ubaridi. Mlio unapanda kwa sababu mchanganyiko umekuwa mwepesi, sio kwa sababu mashine imepona. Ule mlio mtamu ni wa kiu. Pistoni inavimba kwa joto, inaanza kusugua silinda upande wa ekzosi ambako ndiko kuna moto zaidi, na mistari uliyoiona kwenye rafu yangu inachorwa kwa dakika chache. Pistoni, ringi na kusafisha silinda vilinigharimu kipato cha mwezi mzima wa kupasua mbao.

Na baada ya gharama yote hiyo msumeno ukarudi na tabia zilezile mbili.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa kijiji cha pili, aliyetumia ujana wake kutengeneza mashine za mbao. Nilimkuta ameketi nje, tukasalimiana kamwene, salamu ya huku kwetu, nikaweka chenso mbele yake na kuanza kueleza habari za kabureta. Akaniinulia mkono. "Mwanangu, kabureta ni ya mwisho kusingiziwa." Akaushika mpini wa kamba ya kuwashia, akauacha mwili wa msumeno uning'inie. Ukashuka polepole, kwa vituo. Hiyo ikamwambia kompresheni, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ipo. Ungeanguka moja kwa moja, tungezungumza habari nyingine. Akatazama plagi na mwanya wake, nusu milimita. Akachungulia ekzosi kama wavu wa kuzuia cheche haujazibwa na masizi, kwa sababu wavu uliozibwa unaiga kabisa ugonjwa wa kabureta: mashine haina nguvu, inatoa moshi, na watu wanakimbilia skrubu. Akapiga ea klina, chujio la hewa, kwenye kiganja. Yote hayo hayakufika robo saa.

Kisha akafungua kifuniko cha tanki la petroli na kukifunga. Chenso ikizima baada ya dakika kadhaa za kazi, na ukilegeza kifuniko inapata uhai, basi tundu la kupumulia tanki limeziba: petroli inatoka, hewa haiingii, mwishowe tanki lenyewe linavuta petroli lisiiachie. Yetu haikuwa hivyo.

Ndipo akachomoa mpira wa mafuta, ule unaotoka tanki kwenda kabureta. Kwa macho ulikuwa mzima. Akaukunja pale unapopenya ukuta wa tanki, na mpasuko ukafunguka kama mdomo wa samaki. Hapo ndipo kiu ilipotoka. Sailensi mashine inahitaji petroli kidogo, mpasuko hauonekani. Ukipiga resi ndani ya gogo, kabureta inavuta kwa nguvu na inavuta hewa pamoja na petroli. Hakuna skrubu ambayo ungeizungusha ukaziba mpasuko wa mpira.

Kwa kasoro ya pili ilibidi kabureta ifunguliwe. Nieleze kwanza inavyofanya kazi, kwa sababu wengi tumejifunzia pikipiki na tunategemea kukuta kikombe na boya. Chenso hailali sehemu moja. Unaigeuza ubavu ukiangusha mti, unaielekeza chini ukikata matawi, na boya lingeshindwa kazi siku ya kwanza. Badala yake kuna viwambo viwili vyembamba, mafundi wengi huviita daiframu. Cha kwanza ni pampu: kila pistoni inapopanda na kushuka, shinikizo ndani ya sanduku la kranki, chumba kilicho chini ya pistoni, linabadilika, na badiliko hilo linapita kwenye tundu dogo hadi kwenye kiwambo, kinapepea, kinavuta petroli kutoka tanki. Tundu hilo likizibwa na gasketi iliyowekwa kinyume, pampu imekufa hata kama kila kitu ni kipya. Cha pili ni kipimaji. Upande mmoja kina hewa ya nje, upande wa pili petroli. Injini ikivuta, kiwambo kinabonyea ndani, kinasukuma kikono kidogo, kikono kinainua sindano, petroli inaingia. Injini ikitosheka, springi inarudisha sindano kwenye kiti chake na mlango unafungwa.

Kwa hiyo ukiona petroli inazidi sailensi, jiulize juu ya huo mlango.

Mzee alikuwa na kifaa kilichonishangaza, na leo ninacho cha kwangu: ule mpira wa kubinya wa kipimo cha presha ya damu, pamoja na saa yake. Aliufunga kwenye mdomo wa kabureta wa kuingizia petroli, akabinya hadi mwisho wa saa, milimita 300 za zebaki. Karakana kubwa zina vipimo vinavyofika mara mbili ya hapo, naye analijua hilo, lakini sindano inayovuja kwenye shinikizo dogo haihitaji shinikizo kubwa kushtakiwa. Mshale ulipaswa kutulia. Ukaanza kushuka. Akaizamisha kabureta kwenye bakuli la petroli safi, kwenye kivuli, mbali na moto, na mapovu yakapanda katikati, palepale penye sindano.

Tulipofungua tulikuta utando wa rangi ya kahawia unaonata, masalia ya petroli iliyokauka misimu miwili stoo. Ncha ya sindano ilikuwa na alama ya mviringo iliyochimbika. Kiwambo cha kupima, ambacho kikiwa kizima ni laini kama ngozi ya kope, kilikakamaa na kulia kama karatasi kavu nilipokibonyeza. Kiwambo kikavu hakibonyei vizuri, na chenyewe kinaiongezea injini kiu. Mzee hakutaka kujadili kurudishia hata kimoja. Seti ya viwambo, gasketi na sindano ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na pistoni, na kwa chenso iliyolala zaidi ya mwaka mimi naibadilisha bila kuuliza.

Kuna mambo ya mikono hapa. Piga picha mpangilio wa gasketi na viwambo ulivyoukuta, kabla hujatenganisha. Kwenye kabureta nyingi za kampuni za Walbro na Tillotson, upande wa kupimia gasketi ndiyo inayotangulia kukaa kwenye mwili wa kabureta, kiwambo kinafuata. Ukigeuza, kikono hakitafikiwa sawasawa. Kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya kabureta, ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho, na watu wengi hawajui kama kipo. Kitoe, kioshe. Usichokonoe vijitundu kwa waya wala sindano ya kushonea, kwa sababu vimetobolewa kwa kipimo na chuma chake ni laini; tumia petroli na pumzi. Usielekeze kompresa kwa nguvu zote pia, maana kuna vali ndogo ndani zinazoweza kung'oka. Na kikono cha sindano kilinganishe kwa kitu kilichonyooka: kwenye nyingi za aina hii kinatakiwa kiwe sawa na sakafu ya chemba. Kikipanda juu ya hapo mafuta yanazidi, kikishuka yanapungua. Nusu milimita inatosha kukupotezea siku nzima.

Kabla ya kufunga, mzee alitumia mpira uleule wa presha kupima sanduku la kranki. Aliziba mlango wa ekzosi na wa kuingizia kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akajaza hewa kupitia tundu la plagi, akapaka maji ya sabuni kwenye oili sili zote mbili, zile zinazozuia kuvuja pande mbili za kranki, na kwenye mpira unaoshika kabureta. Oili sili ikivuja, injini inavuta hewa isiyopita kabureta, na dalili yake ni mashine inayokaa juu hata ukiachia resi, inashuka kwa kusitasita. Fundi asiyepima ataipunguza kwa skrubu ya sailensi na kukurudishia kifo chako mkononi. Yetu ilitoa povu dogo upande wa klachi. "Bado," akasema, "lakini usiisahau."

Sasa skrubu. Zipo tatu. L ni ya mwendo wa chini, H ya mwendo wa juu, na ya tatu, yenye alama LA au T, haihusiani na petroli, inasukuma tu kilango cha hewa. Zifunge H na L taratibu mpaka ziguse, bila kukaza, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Kwa chenso nyingi za zamani hapo ni pa kuanzia. Iwashe ipate joto. Tafuta kwa L mahali ambapo sailensi inakuwa ya juu kabisa, halafu fungua tena kidogo, chini ya robo ya mzunguko, mpaka ukipiga resi inaitika bila kusita. Kwa skrubu ya tatu ishushe mpaka mnyororo usimame kabisa. Mnyororo unaotembea sailensi utakukata siku moja, hilo sijadili na mteja.

H ndiyo iliyoua pistoni yangu. Resi mwisho bila mzigo, mlio haupaswi kuwa msafi. Unatakiwa uwe na ukakasi, kama unababaika kidogo, na ukiizamisha kwenye gogo ndipo unasafika. Ukisikia mlio msafi angani, fungua. Hapa kwetu kuna jambo la ziada: kwenye mita 1,800 juu ya usawa wa bahari kanieneo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam, kwa hiyo chenso iliyosetiwa pwani inafika huku ikiwa na petroli nyingi kuliko hewa, inatoa moshi. Unaibana kidogo, ni halali. Lakini mwenye chenso aliyeibana huku akiipeleka Kilombero, kule bondeni, bila kuifungua, atarudi na pistoni mkononi.

Mchanganyiko wenyewe siubahatishi tena. Lita 5 za petroli kwa mililita 200 za oili ya 2T, ile ya injini za tu-taimu, ndiyo kipimo cha 25 kwa 1 cha misumeno ya zamani na oili za kawaida. Oili maalumu ya watengenezaji wa chenso inaruhusu mililita 100. Petroli nachota kituoni, siyo kwenye chupa za barabarani zilizokaa juani sijui tangu lini.

Nikadhani nimemaliza. Wiki ileile nikiwa kwenye mipaini, nikaona bapa, ule upanga unaobeba mnyororo, limegeuka rangi ya bluu karibu na ncha, na harufu ya kuungua haikuwa ya utomvu. Nikaenda kujaza petroli, nikafungua na tanki la oili: limejaa kama nilivyoliacha. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote. Tanki moja la petroli linapokwisha, la oili nalo linatakiwa liwe limekaribia kwisha. Likibaki limejaa, mnyororo umekuwa ukisaga chuma kwa chuma.

Nilianzia nje kuja ndani, kama mzee alivyonizoeza. Nikafungua bapa. Tundu dogo la oili, karibu na pale nati zinapokaza, lilikuwa limeshindiliwa unga wa mbao na utomvu mpaka limekuwa sawa na chuma. Mipaini ni hodari kwa hilo. Nikalizibua, nikakwangua mfereji wote, nikageuza bapa juu chini ili liliwe sawasawa pande zote. Nikawasha bila bapa nikitazama mlango wa oili kwenye mwili wa msumeno. Tone moja, halafu kimya.

Pampu ya oili ni kitu kidogo. Kuna gia ya mfano wa skrubu, kwenye misumeno mingine imeshikana na kranki na inasukuma oili muda wote injini ikizunguka, kwenye mingine inazungushwa na ngoma ya klachi na inafanya kazi mnyororo ukitembea tu. Ijue yako, usije ukalaumu pampu isiyotoa oili sailensi wakati haikuumbwa hivyo. Gia nyingine ni za plastiki, na mtu akipiga resi breki ya mnyororo ikiwa imefungwa, klachi inachemka na gia inayeyuka. Ili kuifikia unatoa klachi, na klachi za chenso nyingi zina nyuzi za kushoto: unafungulia kuelekea mwendo wa saa. Nimepokea mashine mbili ambazo kranki imeharibiwa na mtu aliyelazimisha upande aliouzoea.

Gia yangu ilikuwa nzima. Ndani ya tanki nikakuta tope. Baba mdogo, kama karibu kila mpasua mbao huku, alikuwa akijaza oili chafu, iliyomwagwa kwenye injini za malori. Naelewa sababu, ni ya bure. Lakini ina vumbi la chuma linalosaga pampu, inaziba kichujio, na inakurukia mikononi na usoni siku nzima. Vitabu vya watengenezaji vinaonya kwamba ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta saratani. Wazee wetu wamevaa mashati yaliyolowa oili hiyo miaka 20. Hili linaniuma kuliko pistoni. Asiyemudu oili ya mnyororo atumie oili mpya ya injini, SAE 30. Gia oili nzito ya 90 isimdanganye: kwa baridi ya asubuhi ya huku inakuwa kama asali na pampu haiivuti.

Nikaosha tanki, nikaosha kichujio, nikajaza. Ikatoa oili vizuri nusu saa, kisha ikakata tena. Nikajaza, ikatoa. Ilipofika nusu ya tanki, ikakata. Nikakaa chini nikaitazama, na nikakumbuka mdomo wa samaki. Mpira wa oili ulikuwa umepasuka katikati ya urefu wake: oili ikiwa juu ya mpasuko, pampu inavuta oili, ikishuka chini ya mpasuko, inavuta hewa. Kama ingekata bila kujali kiwango, na kulegeza kifuniko kukairudisha, ningetafuta vali ya kupumulia. Hii iligoma kwa kiwango, na kugoma kwa kiwango ni mpira.

Niliubadilisha jioni ileile. Asubuhi nikaenda kwenye kisiki kibichi cha mpaini, cheupe, nikashika ncha ya bapa kama sentimita 20 juu yake, nikapiga resi ya kati nikihesabu kimoyomoyo. Kabla sijafika 30 mstari mwembamba wa oili ukajichora juu ya mbao.

Baba mdogo alikuja kuiona Jumapili. Hakuwasha. Alifungua matanki yote mawili, akanusa, akapitisha kidole kwenye mfereji wa bapa na kukitazama. Nikamwonesha povu la upande wa klachi na oili sili mpya niliyoiagiza Iringa. Akavuta kigoda, akasema tuifunge leo akiwa bado yupo.